Mlima si wa akina baba peke yao



Wiki hii safu yetu ya afya na usafi inaingia katika jambo ambalo wengi mtaliona ni anasa: kupanda mlima kwa miguu, kuuzunguka na kurudi pale pale ulipoanzia. Wapo watakaosema hayo ni mambo ya watalii wenye mabegi makubwa mgongoni, sisi tunatafuta riziki. Nawaomba wasifunge ukurasa haraka. Ninachotaka kukisema kinatuhusu sisi wanawake wa Kiislamu, pamoja na waume na kaka zetu wanaotupangia safari, kuliko kinavyomhusu mtalii yeyote.

Nitazungumzia Magamba, kijiji kilichopo kilomita chache juu ya mji wa Lushoto, mkoani Tanga. Ukiwa katika barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, unakata kona pale Mombo na kupanda kilomita kama 33 kwa barabara ya kona kali, unapita Soni na maporomoko yake, mpaka Lushoto iliyo karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Mjerumani alipaita Wilhelmstal, akapafanya mahali pake pa kukimbilia joto la tambarare. Juu zaidi ndipo ilipo Magamba, na nyuma ya kijiji kuna msitu ambao tangu mwaka 2010 ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Humo mna mbega, miti mikubwa ya mkulo, na vilele vinavyopita mita 2,200. Milima hii ya Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita kule Kenya na kwenda hadi Udzungwa.

Zipo njia za miguu zinazotoka kijijini, zikaingia msituni, zikapanda hadi ukingoni, kisha zikateremka kwa upande mwingine kati ya mashamba ya mboga na kukurudisha kijijini. Si Kilimanjaro. Hakuna barafu wala kamba. Mtu wa kawaida, aliyejiandaa kidogo, anaimaliza njia ya namna hiyo na kuwahi Adhuhuri msikitini.

Sasa tazama linalotokea sikukuu za Idi na likizo za shule. Gari zinatoka Tanga, Dar es Salaam na Arusha zimejaa familia. Wakifika, baba na vijana wa kiume wanachukua mwongozaji, wanapanda. Mama, shangazi na mabinti wanabaki chini na masufuria. Wanapika pilau, wanalea watoto wadogo, wanasubiri. Saa tano baadaye wanaume wanateremka, wamechoka, wanasimulia habari za mbega, wanapakuliwa. Mama amesimama jikoni muda wote huo na msitu hakuuona. Mimi nasema hivi: katika gari lile, aliyeuhitaji mlima kuliko wote ndiye aliyeachwa chini.

Nasema hivyo kwa sababu ya ninayoyaona kazini. Mimi ni tabibu, na kwa kuwa ni mwanamke, wanawake wenzangu wanaokuja kwangu hufunguka. Ukiwauliza wanatembea kiasi gani kwa siku, wengi hukujibu kwa kukuorodheshea kazi za nyumbani. Kazi za nyumbani ni nzito, hilo silibishi, lakini nyingi zinafanywa mtu akiwa ameinama au amekaa kwenye kibao cha mbuzi, ndani ya ua wa hatua kumi. Magoti yanauma, mgongo unauma, presha iko juu, sukari imeanza kupanda, naye hajafika miaka 45. Uchunguzi uliofanyika nchini Tanzania mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta takriban mtu mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na wanawake wamewapita wanaume kwa mbali katika uzito uliozidi. Haya si maradhi ya Ulaya tena, yako ndani ya nyumba zetu.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Wastani maana yake ni kwamba unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba kaswida kwa raha. Ni dakika 30 kwa siku tano. Akina mama wengi wakiambiwa hivyo wanaitikia, wanakwenda nyumbani, na hawafanyi. Siwalaumu. Kutembea bila kwenda popote kunaonekana ni kupoteza muda, na jirani atauliza unakwenda wapi kila asubuhi. Lakini ukimwambia mtu, "Baada ya wiki nane tunapanda Magamba, nawe umo," mambo hubadilika. Sasa ana pa kwenda. Dawa yenyewe ni zile wiki nane kabla ya mlima. Safari ya siku moja haimponyi mtu.

Najua swali litakalofuata: na stara je? Kwanza, hapa nazungumzia familia inayosafiri pamoja, mume, kaka au baba akiwapo, si mabinti kwenda peke yao na vijana wasiowajua. Pili, hebu mtazame wanaopita katika njia zile za Usambara alfajiri. Ni akina mama wa Kisambaa, wengi wao Waislamu, na mitungo ya kuni au vikapu vya mboga kichwani, kanga kiunoni na ushungi kichwani. Wanapanda mlima ule ule na mzigo ambao mwanamume wa mjini angeuacha njiani. Hakuna aliyewaambia kwamba mlima unavunja heshima. Inakuwaje mlima uwe halali kwa mwenye mzigo wa kuni na uwe aibu kwa mwenye chupa ya maji?

Na tatu, ambalo ndilo linaloniuma zaidi, ni Hijja. Tunaweka akiba miaka kumi na tano, ishirini, ili mama aende Makka. Huko atatufu mizunguko saba. Atakwenda baina ya Safa na Marwa mara saba, na kila mara moja ni karibu mita 450, jumla zaidi ya kilomita 3, akifuata nyayo za mwanamke, bibi yetu Hajar. Mina hadi Jamarat na kurudi, kwa aliyepangiwa hema la mbali, ni kilomita kadhaa kwa siku, na atarudia siku inayofuata. Yote haya katika joto na msongamano. Mama ambaye kwa miaka yote hiyo safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ni kutoka nyumbani mpaka stendi, anafika kule miguu ikiwa na malengelenge siku ya kwanza na amevimba siku ya pili. Wengine wanasukumwa kwenye kiti cha magurudumu, si kwa uzee wala ulemavu, ila kwa sababu miguu haikuzoezwa. Dini imeruhusu kiti kwa mwenye udhuru. Lakini udhuru huu tunautengeneza wenyewe majumbani kwa kuwakalisha.

Basi tukubaliane kwamba mama naye anapanda. Yafuatayo ni ya kuyajua.

Kuhusu muda, mwaka 1892 Mskoti mmoja aitwaye William Naismith alitoa kanuni ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5, na uongeze saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Tuseme mzunguko wenu ni wa kilomita 10 na unapanda mita 600. Hiyo ni saa tatu kwa mtu mkakamavu asiyepumzika. Familia yenye mama wa miaka 50 na mtoto wa miaka 9 iongeze nusu yake, iwe saa nne na nusu, halafu saa moja ya kupumzika na kula. Mkianza saa 1 asubuhi mtarudi kijijini saa 6 na nusu mchana, Adhuhuri ikiingia. Mkianza saa 5 kwa sababu chai ilichelewa, mtarudi jioni miguu ikitetemeka, na kwetu huku jua likishatua giza haliji kwa kubembeleza. Saa 1 usiku msituni huoni mkono wako.

Njia ya mzunguko ina hila yake ambayo njia ya kwenda na kurudi haina. Ukiipita nusu yake, kurudi nyuma ni mbali kuliko kwenda mbele. Na unakoelekea hujawahi kupita, kwa hiyo hakuna mti wala jiwe utakalolitambua. Ndiyo maana lazima muwe na saa ya maamuzi. Katika mfano wetu, ikifika saa 3 na nusu asubuhi na bado hamjafika juu, geuzeni mrudi mlikotoka, hata kama kijana mmoja analalamika. Mwendo uwe wa yule aliye mchovu kuliko wote, naye atembee mbele, asiwe mkiani. Akiwa mkiani, wenzake wanapumzika wakimsubiri, na akifika tu wanaondoka. Yeye hapumziki kabisa. Chukueni mwongozaji wa pale kijijini kupitia ofisi ya hifadhi, na lipeni ada. Anaijua njia, anajua mawingu yanaposhuka, na riziki yake inatoka hapo.

Wageni kutoka pwani wataona wanahema haraka. Kwenye mita 2,200 oksijeni unayovuta ni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na Tanga mjini. Ugonjwa wenyewe wa mwinuko kwa kawaida huanza juu ya mita 2,500, kwa hiyo msiogope, punguzeni mwendo tu. Baridi nayo isiwashangaze. Kila mita 1,000 za kupanda, joto hushuka nyuzi 6 na zaidi. Uliyetoka Dar es Salaam na kanzu nyepesi, juu kule mwezi Julai na ukungu utatafuta sweta. Masika, Machi hadi Mei, udongo mwekundu wa Usambara unateleza kama mlenda. Nashauri familia zisiende wakati huo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo vitabu vingi vya matembezi hupita mbali nalo, kwa sababu huandikwa na wanaume. Wanawake wengi wakiambiwa kuna safari ya saa tano porini, jambo la kwanza wanalofanya ni kuacha kunywa maji. Hawasemi, lakini ndivyo wanavyofanya. Wanaogopa haja itawabana na hakuna choo. Anafunga kunywa tangu usiku, anapanda mlima na jua, anatoka jasho, kichwa kinamgonga, anaona kizunguzungu, anaambiwa, "Si nilisema mlima hauwafai wanawake." Kumbe ni kiu. Na wengine siku ya pili au ya tatu wanakuja kwangu na maumivu ya kukojoa, mkojo mchache wenye moto, kwa sababu waliubana kutwa nzima. Hili nimelitibu baada ya safari za basi, baada ya harusi, baada ya maulidi, na mlimani ni vivyo hivyo.

Mtu mzima anahitaji kama nusu lita ya maji kwa kila saa ya kutembea, zaidi jua likiwa kali. Kwa safari yetu ni lita 2 na ushee. Mkojo ukiwa mweupe au wa njano hafifu, unakunywa vya kutosha. Kuhusu faragha, ni suala la kulipanga, na mwanamume kiongozi wa msafara ndiye anayepaswa kulipanga bila kuombwa. Wote waingie choo cha kijijini kabla ya kuondoka. Njiani, kila baada ya saa moja, wanaume watangulie mpaka kona inayofuata na wakae huko dakika kumi bila kugeuka. Wanawake wanakwenda wawili wawili, mmoja anashika kanga pana kama pazia. Waende hatua 80 au zaidi kutoka njiani na kutoka kijito chochote, na kwa haja kubwa wachimbe shimo la urefu wa kiganja na vidole, walifukie. Kila mmoja awe na chupa yake ndogo ya kustanjia, mbali na ya kunywa, na kipande cha sabuni cha mikono.

Na ambaye yuko katika siku zake hana sababu ya kubaki chini, akijisikia vizuri. Kutembea hupunguza maumivu kwa wanawake wengi. Abebe kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, vilivyotumika viwekwe humo na viteremshwe mpaka kijijini. Nasema kopo kwa sababu mifuko ile ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na hata isingepigwa, hupasuka. Nepi za watoto ni hivyo hivyo. Nimeona nepi imetupwa kwenye mizizi ya mti hatua tatu kutoka kwenye chemchemi. Aliyeitupa, bila shaka, jioni hiyo alitia udhu kwa maji ya kijiji kile.

Hili la chemchemi tusilipite upesi. Madrasa sote tulifundishwa mapema, kabla hatujajua hata kuandika vizuri, sehemu za kuepuka kujisaidia: njiani, kwenye kivuli cha watu na kwenye maji. Hukumu hiyo ni ya miaka zaidi ya 1,400, na leo daktari wa maji hana la kuongeza. Msitu wa Magamba ni tangi la maji la vijiji vilivyo chini yake, na maji ya milima hii mengine huishia mto Pangani na mengine mto Umba. Kinyesi cha mgeni kikiingia kwenye kijito mvua ikinyesha, homa ya matumbo na kuhara vinashuka kwa mtoto ambaye hata hakujua kwamba kulikuwa na wageni. Kwa sababu hiyo hiyo usinywe maji ya kijito ati kwa kuwa ni baridi na yanang'aa. Beba yaliyochemshwa, au tumia vidonge vya kutibu maji na usubiri dakika 30 kama kopo linavyoelekeza.

Kuhusu udhu, hamhitaji ndoo. Mtume (Rehema na Amani zimshukie) imepokewa kwamba alitia udhu kwa mudi moja tu ya maji, nayo haifiki lita. Chupa moja inatosha, mkimwagia mbali na kijito.

Viatu ni jambo jingine ambalo akina mama hudhulumiwa. Baba ananunua buti, mama anapanda na ndala au viatu vya harusini. Si lazima buti la bei. Raba yenye soli iliyochongeka, inayoshika kisigino, yenye nafasi ya upana wa kidole mbele ya vidole, inatosha, na mitumbani zipo za kila saizi. Isiwe mpya siku hiyo. Ivaliwe nyumbani wiki tatu, na soksi nene. Anayevaa buti linalofunika vifundo vya miguu, akalivaa akiwa na udhu kamili, anaweza kunufaika na ruhusa ya kupangusa juu ya khofu, mkaazi siku moja na usiku wake, msafiri siku tatu. Masharti yake ya kina muulize sheikh wako kabla hujaondoka, si mkiwa juu mlimani mmegawanyika makundi mawili. Buibui refu linaloburuza ni hatari halisi. Ukipanda unalikanyaga kwa mbele, ukiteremka anayekufuata analikanyaga kwa nyuma. Vaa gauni pana linaloishia juu ya kifundo, na suruali pana ndani yake. Stara imetimia na magoti yamepona.

Wapo wasiopaswa kupanda bila kuonana na mtaalamu. Mwenye presha inayogota 180 kwa 110 au zaidi aitibu kwanza. Mwenye maumivu ya kifua anapopanda ngazi asiende, aje hospitali. Mwenye selimundu asiende kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwani baridi, kiu na uchovu ndivyo vinavyomletea maumivu. Mjamzito wa miezi ya mwisho nisingempeleka kwenye mteremko unaoteleza. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni mwake, si kwenye begi la mwenziwe aliyetangulia kona mbili mbele.

Mwenye kisukari anaweza kwenda, na mlima unamfaa sana, lakini ajue dawa anazotumia. Anayechoma insulini au anayemeza vidonge kama glibenklamaidi anaweza kushukwa na sukari akitembea muda mrefu. Anatoka jasho la baridi, anatetemeka, anakuwa mkali bila sababu, anaongea vitu visivyoeleweka. Wenzake wanadhani ni hasira au uchovu. Mpeni vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au soda ya kawaida. Baada ya dakika 15 akitulia, ale tende na mkate. Asipotulia, rudieni. Akipoteza fahamu msimtie kitu mdomoni, mlazeni ubavu na mtafute msaada. Asijipunguzie dawa mwenyewe asubuhi ya safari, amwone anayemtibu wiki moja kabla. Na jioni akague miguu yake kwa macho, kati ya vidole na chini ya kisigino, kwa sababu wenye kisukari wa muda mrefu huweza kuchubuka na wasisikie.

Nitaje kidogo na panya. Wazee wa Lushoto wanaikumbuka tauni iliyoingia mwaka 1980 na kusumbua baadhi ya vijiji vya wilaya hiyo kwa zaidi ya miaka 20. Huenezwa na viroboto wa panya. Hakuna haja ya hofu, ila watoto wafundishwe kutogusa panya au mnyama mwingine aliyekufa njiani, na msitandike mkeka wa chakula palipo na mashimo ya panya. Makombo ya pilau rudini nayo.

Maandalizi ya wiki nane si magumu. Wiki mbili za mwanzo, dakika 20 baada ya Swala ya Alfajiri, mume na mke pamoja, maana hapo jirani hana la kuuliza. Wiki mbili zinazofuata, dakika 40. Baada ya hapo tafuteni mwinuko wowote, kilima, ngazi za ghorofa, hata tuta la barabara, mpande na kushuka mara kumi, kisha kumi na tano. Mwisho wa wiki mtembee saa mbili mfululizo mkiwa na viatu na begi mtakalolibeba. Kama wiki ya nane bado anahema sana, ahirisheni mpaka likizo nyingine. Mlima haukimbii. Na pilau? Siku hiyo kila mtu, wa kiume na wa kike, abebe mkate, mayai ya kuchemsha, ndizi na tende zake mwenyewe. Pilau lipikwe kesho yake, na mpishi apigiwe kura.

Mwisho nizungumze kuhusu kuteremka, kwa kuwa watu hudhani kazi imekwisha mkifika juu. Wengi huanguka wakiteremka, wamechoka, wanacheka, hawaangalii chini. Goti hubeba mara kadhaa ya uzito wa mwili kwa kila hatua ya mteremko. Hatua ziwe fupi, goti lisikakamae, fimbo itangulie. Kila mama awe na fimbo, na asionewe mzaha kwa hilo. Kesho yake na keshokutwa misuli ya mbele ya mapaja itauma, kuinuka kutoka kwenye sijida itakuwa kwa kushika ukuta. Hiyo ni kawaida na huisha ndani ya siku nne au tano. Maji, kutembea taratibu, na parasetamoli ikibidi. Tafadhali msikimbilie diklofenaki za dukani, hasa mwenye presha, figo au vidonda vya tumbo. Lakini akitokea ambaye maumivu yanazidi badala ya kupungua, misuli imevimba na mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, huyo aende hospitali siku hiyo hiyo, usiku au mchana, na aseme wazi kwamba ametoka mlimani.